Sitaolewa Mvumi

Iyumbu, Dodoma
Mwezi wa nane

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Shikamoo ya Baba naileta kwako uipokee kwa niaba yake, maana najua kwa sasa hataki kusikia sauti yangu wala kuona mwandiko wangu. Ukimsomea barua hii, msomee akiwa ameshakula na ameshaketi, na umwombe asikukatishe mpaka umalize.

Goti lako limepoa? Nasikia baridi ya mwaka huu huko Mbinga si ya kawaida, na ukungu hauinuki mpaka jua liwe juu kabisa. Kahawa mmeshaanza kuchuma, sijui nani anakushikia kikapu sasa. Na Bibi, bado anakataa kuvaa soksi nilizomtumia, anasema miguu yake si ya mzungu? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Huku upepo umeanza, ule wa vumbi jekundu. Ukianika shuka nyeupe asubuhi, jioni unaanua ya rangi ya udongo. Hiyo ndiyo hali ya nje, Mama. Ya ndani ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Jumapili Baba alinipigia. Sijawahi kumsikia vile. Alisema Amosi amempigia simu akilia, amemwambia kwamba nimembadilikia, kwamba nimepata mwanaume mwingine kazini, na kwamba nimemfukuzisha kazi ili nimtoe njiani. Baba akaniuliza, "Skola, ni kweli wewe ndiye uliyemshtaki?" Nikasema, "Ndiyo, Baba." Akasema, "Basi umenivua nguo mbele ya wakwe," akakata simu. Sikupata nafasi ya kumweleza. Tangu siku hiyo nikishika simu kuwapigia, naiweka chini tena. Ndiyo maana naandika. Mwalimu mmoja jirani yangu anakuja likizo huko, amekubali kukukabidhi barua hii mkononi.

Mama, hakuna mwanaume mwingine. Lishike hilo kwanza, mengine yafuate.

Mnajua nafanya kazi ya mitandao ya simu, lakini sikuwahi kukaa nikawaeleza ni kazi gani hasa. Zamani kampuni ikitaka kujenga mtandao ilinunua kila kitu kwa mtengenezaji mmoja: redio zinazofungwa juu ya mnara, kompyuta za chini, na programu zote. Hakuna wa kuvifungua ila aliyeviuza, na bei yake ndiyo iliyofanya vijiji vingi vikae bila simu. Sisi tunajaribu mtandao ulio wazi. Redio tunachukua kwa huyu, kompyuta kwa yule, programu nyingine tunanunua, nyingine tunaandika wenyewe, na vyote vinaelewana. Tumeujenga Makutupora kwenye mashamba ya zabibu, tumeujenga Mvumi, na kule Mtera kwenye bwawa. Watu waliokuwa wanapanda kilima kutafuta mawimbi sasa wanapiga simu wakiwa jikoni kwao.

Ubaya wake ni kwamba palipo na maungio mengi pana milango mingi, na mimi kazi yangu ni milango hiyo. Fikiria ghala la kahawa la chama cha ushirika. Ukiweka mlinzi getini peke yake, mtu akishapita hapo anatembea ndani apendavyo na kufungua gunia lolote. Sisi tumesema mtu asiaminiwe kwa kuwa tu yumo ndani. Kila redio, kila programu na kila mfanyakazi anathibitisha yeye ni nani kila anapogusa kitu, na anapewa kile tu anachohitaji kwa kazi yake. Hata kama jana alikuwa hapa. Hata kama ni rafiki yako.

Amosi ndiye aliyenipokea nilipofika Dodoma, sijui mtu. Alinitafutia chumba, akanifundisha kula ugali wa uwele na mlenda bila kukunja uso, akanifundisha kuitikia salamu ya Kigogo, "mbukwa," ili wazee wa vijijini wasinicheke. Alikuwa anapanda mnara kama mtu anayepanda ngazi ya nyumbani kwake, halafu anashuka, ananawa mikono na kukaa kwenye kompyuta kuandika programu. Mnakumbuka alipokuja na wazee wake kuleta posa, mvua ikinyesha, akachukua ndoo akaenda kuteka maji bila kuambiwa na mtu. Baba akasema, "Huyu ni mtoto wa watu." Hata mimi nilijua hivyo, Mama. Sikumpenda kwa kudanganywa. Yale yote yalikuwa kweli, na ndiyo yanayoniua.

Kule Mtera minara yetu haina umeme wa gridi, japo bwawa lenyewe linazalisha umeme. Inatumia jua na betri. Amosi aliandika programu ndogo ya kuokoa umeme: simu zikiwa chache, inazima baadhi ya redio, watu wakiongezeka, inaziwasha. Ilifanya kazi vizuri mno, ikawekwa kwenye minara yetu yote, hata ya hapa mjini. Wakubwa walikuja wakampa mkono, naye akasimama pale na shati lake lililopigwa pasi akinitafuta kwa macho katikati ya watu. Nilijiona mimi ndiye niliyepewa mkono.

Nilipoanza kuleta hii kanuni ya kuthibitishana, yeye ndiye aliyeipinga kuliko wote. Mwanzoni kwa utani. Tukiwa mezani kwa mama ntilie alisema mbele ya wenzetu, "Skola, mimi na wewe tunakula sahani moja, halafu asubuhi unanidai kitambulisho?" Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Nikamwambia, "Sikudai mimi, inakudai mashine." Baadaye utani uliisha. Akawa anasema nachelewesha kazi, sisi ni wachache, tunajuana, adui yuko nje. Nikadhani amechoka. Tulikuwa tumechoka sote.

Kuna kitu kingine nilikiona nikakipita. Siku moja nilitoka kukagua mnara wa Makutupora, nikapitia shambani kwa Frida, yule niliyesoma naye chuo, ambaye mume wake analima zabibu. Walikuwa wanavuna. Nilikaa nao kivulini, nikala zabibu mpaka meno yakafa ganzi. Jioni Amosi akaniuliza, "Makutupora kulikuwa na nini mpaka ukakaa vile?" Nikamwambia kwa Frida. Akasema, "Na nani mwingine?" Nikasema na mume wake na vibarua. Nilijiuliza nani kaniona, nikajijibu kwamba Dodoma ni mji mdogo. Siku nyingine nilibadilisha njia ya kurudi nyumbani nipitie kwa fundi cherehani, akanitumia ujumbe nikiwa bado navua viatu mlangoni kwa fundi: "Nguo ipi unashona?" Mama, nilifurahi. Nilidhani ni moyo wake unaonijua. Nilimhadithia hata Frida, nikasema mimi na huyu mwanaume tumeumbwa kwa udongo mmoja.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Ilikuwa mchana, wengine wameenda kula. Nilikuwa napitia programu moja baada ya nyingine, kila moja naiuliza: wewe unaomba kujua nini, na kwa kazi gani? Nikaifikia ya Amosi. Programu ya kuokoa umeme inatakiwa ijue simu ziko ngapi kwenye mnara, basi. Haihitaji kujua ni za nani. Lakini hii ilikuwa inauliza jambo la pili. Kila baada ya muda mfupi ilikuwa inauliza mtandao habari za laini moja, ile ile: iko mnara upi, na iko mbali kiasi gani na mnara huo. Majibu yanakwenda kuhifadhiwa mahali ambapo mimi sikupajua.

Mwanzoni nililiona jambo la kikazi. Nilifikiri mwizi ameingia, amejificha ndani ya kazi ya Amosi wa watu, anamwinda mtu. Nikamwonea huruma huyo anayewindwa. Nikaichukua ile laini nikaitafuta ni ya nani.

Ilikuwa yangu.

Sikulia, Mama. Nilikaa. Simu yangu ilikuwa mezani karibu na mkono, nikaitazama kama mtu anavyotazama mdudu asiyemjua kama anauma. Halafu nikakumbuka zabibu, na fundi cherehani, na kila mahali.

Amosi aliporudi kutoka kula nilimwomba tutoke. Tulikaa ndani ya gari la kazi pale uani, vioo tumepandisha kwa sababu ya upepo. Nikamwambia nilichokiona. Akajibu haraka, kwa utulivu kabisa, "Ah, hiyo ni ya majaribio. Nilihitaji laini moja ya kujaribia, nikachagua ya mtu ninayemwamini. Nilisahau kuiondoa."

Wewe unanijua, Mama. Nilitaka kumwamini. Laiti angenyamaza hapo, pengine ningeshuka garini nikamwambia aiondoe, na leo tungekuwa tunapanga nani atapika kwenye harusi. Lakini nilimuuliza swali moja tu. Nikasema, "Amosi, siku ile ya Makutupora, ulijuaje nilikaa?"

Akatazama mbele kwenye kioo cha gari. Vumbi lilikuwa linagonga kioo kama mchele unaopepetwa. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika.

"Nilikuwa naogopa," akasema.

"Unaogopa nini? Nimewahi kukudanganya?"

"Hapana."

"Kuna mtu alikuambia kitu?"

"Hakuna mtu. Nilitaka kujua tu, moyo utulie."

"Ukatulia?"

Akatikisa kichwa. "Kila nilivyojua, nilitaka kujua zaidi. Ukienda kanisani naangalia kama ni kanisani. Ukisema umelala naangalia kama uko chumbani kwako. Na siku zote uko pale uliposema, Skola. Siku zote. Lakini najiambia labda kesho."

Nilimshika mkono. Usinishangae. Nilimshika kwa sababu alikuwa analia, na mimi ndiye mtu wake wa kumshika akilia.

Halafu akasema, "Ifute. Wewe una uwezo wa kuifuta sasa hivi na hakuna atakayejua. Laini ni yako, aliyekosewa ni wewe. Nisamehe wewe, basi, yaishe."

Mama, hapo ndipo penye uzito, na naomba Baba apasikie vizuri. Kama ningekuwa nimekosewa mimi peke yangu, huenda ningefanya hivyo. Lakini ile programu haikujipenyeza yenyewe. Ili majibu yatoke nje ya macho yetu, Amosi alifungua njia ya pembeni isiyouliza kitambulisho. Njia ile haikujua kama ni Amosi au ni mwingine. Yeyote ambaye angeigundua angeweza kumfuata mtu yeyote wa vijiji vile: muuguzi wa Mvumi anayerudi kwake jioni, mfugaji mwenye ng'ombe porini, mke aliyemkimbia mume akajificha kwa dada yake. Watu wale walichukua laini zetu kwa sababu tuliwakusanya chini ya jua tukawaambia ni salama. Mimi mwenyewe ndiye niliyesimama nikawaambia.

Nikamwambia, "Nitakusamehe. Lakini siwezi kuificha."

Akautoa mkono wake mkononi mwangu. "Basi hunipendi," akasema, akafungua mlango wa gari, upepo ukaingia wote.

Nilikwenda kwa Dada Mwanaidi, msimamizi wetu. Yeye ni Mrangi wa Kondoa, mama wa makamo, mkali kazini lakini ukiugua ndiye anayekuja na uji. Aliniangalia usoni akasema, "Kaa kwanza. Umekula?" Nikasema sijala. Akanimiminia chai. Akasema, "Skola, ukinitamkia jambo la kikazi mimi siwezi kulirudisha mdomoni mwako. Umefikiri?" Nikasema nimefikiri. Nikamwambia yote. Alipojua laini ni yangu alifumba macho akasema taratibu, "Inna lillahi," kama mtu aliyeletewa taarifa ya kifo.

Kanuni inasema mtu akishukiwa, kitambulisho chake kinafutwa saa ile ile, hata kabla ya kuhojiwa, na anayefuta ni mwenye dhamana ya usalama. Mwenye dhamana ni mimi. Dada Mwanaidi alisema, "Toka, nifanye mimi." Nikakataa. Sijui kwa nini nilikataa. Labda niliona ni afadhali iwe mkono unaompenda. Kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo.

Sikujua kwamba Amosi alikuwa ametoka nje kunawa uso. Aliporudi, mlango ulikataa kadi yake. Ni mlango wa kioo, Mama. Akajaribu tena, akaipangusa kadi kwenye shati, akajaribu tena. Askari wetu wa zamu, ambaye hujibu salamu ya Amosi kila asubuhi, akamwambia kwa upole, "Kaka, imekukataa." Amosi akainua macho akaniona mimi nimesimama ndani. Hakugonga. Alisimama tu ananitazama, kadi mkononi, maji bado yanamtiririka kidevuni, mpaka Dada Mwanaidi akatoka akaenda naye kando.

Uchunguzi ulifanywa na watu wa makao makuu. Wamethibitisha kwamba hakuna simu nyingine aliyoifuata zaidi ya yangu. Wamethibitisha pia kwamba ile njia ya pembeni ilikuwa imeanza kujaribiwa na mtu wa nje, hawajui ni nani wala yuko wapi, bado hajafanikiwa kuingia. Ikafungwa. Amosi ameachishwa kazi, na mengine yako mikononi mwa wakubwa. Kazini wapo wanaonisifu, na wapo wanaonyamaza nikiingia. Dada mmoja wa mapokezi aliniambia wazi, "Mwanamke gani anamshtaki mchumba kwa kosa la kumpenda?" Jibu nimelipata baadaye, na sikulipata ofisini.

Niliona si heshima mama yake Amosi asikie kwa watu. Jumamosi nilipanda gari la asubuhi nikaenda kwao Mvumi. Nilimkuta uani anapepeta uwele. Aliponiona alitupa ungo, akaja ananipigia vigelegele, "Mkwe wangu! Mkwe wangu kaja!" Alidhani nimekuja kwa mambo ya harusi. Akaniwekea kigoda, akaanza kunionyesha vibuyu alivyovisugua kwa ajili ya siku hiyo. Nilimwacha anionyeshe vyote, Mama. Sikujua namna ya kumkatisha.

Mwisho nikamwambia kwamba mimi na Amosi tumeachana na kwamba amefukuzwa kazi kwa sababu yangu. Akakaa chini.

"Kaiba?" akauliza.

"Hapana, mama."

"Kakupiga?"

"Hapana."

"Kafanya nini sasa?"

Nilihangaika. Kiswahili chake ni cha kutafuta maneno, na mimi Kigogo changu kinaishia kwenye salamu. Ningemwelezaje mambo ya redio na programu? Nikasema, "Alikuwa ananifuata bila mimi kumwona. Kila nilikokwenda, alijua. Kwa kutumia mitambo ya kazini."

Hakushangaa. Hilo ndilo lililonitisha. Aliokota chembe za uwele zilizomwagika, moja moja, akazirudisha kwenye ungo. Kisha akaniambia habari za marehemu mume wake.

"Baba yake Amosi," akasema, "mimi nikienda kisimani, anatema mate hapa chini, mlangoni. Anasema, yakikauka hujarudi, ulikuwa na mwanaume. Na jua la huku unalijua wewe mwenyewe."

"Na yalikauka, mama?"

"Yanakauka kila siku. Kisima mbali." Akautikisa ungo. "Amosi alikuwa mdogo, hivi. Baba yake akiingia ndani, yeye anachuchumaa pale, anayawekea mate kivuli kwa mikono yake. Yasikauke. Nisipigwe. Mimi narudi na ndoo kichwani namwona mtoto kachuchumaa juani, mgongo unaungua, mikono hivi."

Akanionyesha kwa mikono yake mwenyewe, ameiinamisha juu ya ardhi, hakuna kitu chini yake.

Hapo ndipo nililia. Nililia yote niliyokuwa sijalia. Yeye pia alilia, na tulikaa hivyo uani, na kuku wakala uwele wetu hakuna aliyewafukuza.

Nilimwambia, "Mama, niambie nikae, nitakaa." Na nilikuwa nasema kweli. Siku ile, mbele ya mikono ile, ningerudi kwa Amosi nikaolewa naye, na ningemwachia anifuate mpaka kaburini.

Akajifuta uso kwa kanga. "Mimi nilikaa kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Wewe unapo. Baba yako yupo, mama yako yupo, kazi unayo. Nenda, mwanangu. Ila usiniambie nimchukie. Mimi ndiye mama yake."

Nikasema sitamwambia kamwe, maana hata mimi simchukii. Alinifungia karanga kwenye kipande cha kitenge akanisindikiza mpaka barabarani. Gari lilipokuja alinishika uso kwa mikono yote miwili, akaniachia, akageuka kabla sijapanda.

Basi, Mama, hiyo ndiyo habari. Sitaolewa Mvumi. Wazee wa Amosi wamesema watakuja huko kuzungumza na Baba, na najua Baba atawapokea vizuri kwa sababu ni watu wazuri. Namwomba awapokee. Awape chakula, wapumzike. Lakini wakimwomba anilazimishe, awaambie binti yake amesema hapana na kwamba yeye amemsikia. Vitu vya posa virudishwe kupitia kwa mshenga, kwa adabu, bila maneno. Na kama Baba bado anaona nimemvua nguo, mwambie simdai anisifu. Namwomba anisikilize tu, kama alivyomsikiliza Amosi.

Wewe nakuomba kitu kingine. Nikija mwisho wa mwaka, usiwaite shangazi zangu kunikalisha kikao. Usiniulize kitu mbele ya watu. Nipe kazi. Nipe hata kuni za kupasua. Tukiwa wawili tu jikoni, nitasema.

Nisalimie Bibi, umwambie avae soksi kwa ajili yangu. Nisalimie Baba Mdogo aliyeipokea posa, naomba asijisikie vibaya, hakukosea, sote tulimwona mtu mwema na mtu mwema alikuwepo. Msalimie mdogo wangu wa sekondari, mwambie asome hesabu na asiogope mitambo kwa ajili ya habari hii. Nisalimie mama jirani wa ng'ambo ya kijito, na Katekista anikumbuke kwenye sala za jumuiya, asitaje sababu.

Nilikuwa naandika hapo kwenye salamu simu ikalia. Ni ujumbe wa Amosi, wa kwanza tangu siku ya mlango. Hakuandika pole wala hakulaumu. Ameandika maneno mawili: "Uko wapi?"

Mama, kwa muda wote tuliokuwa pamoja hakuwahi kuniuliza hivyo. Na ningemjibu kila mara. Ningemwambia niko sokoni, niko kwa fundi, niko njiani nakuja. Nimekaa na simu hii mkononi mpaka wino wa kalamu umekauka nchani. Yuko mahali fulani anasubiri, hajui, na safari hii hana mashine ya kumwambia. Vidole vinataka kuandika. Nimeilaza simu kifudifudi mezani, nimeiwekea kitabu juu yake.

Sijamjibu.

Ni mimi mwanao,
Skola